Muulize Basi

Saa kumi na dakika ishirini jioni, siku ya Jumanne, nilimfokea mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Hapo ndipo Bwana alipoanza kunifungua. Ndugu zangu, jina lake lisifiwe, nami naomba mnivumilie nieleze kwa mpangilio.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwamkulu, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Nilizaliwa Usevya, na lugha ya nyumbani kwetu ni Kipimbwe. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha kwa kusoma chochote kilichoandikwa: magazeti ya kufungia vitumbua, maelezo ya dawa za mifugo, na zaidi ya vyote riwaya. Nina utaratibu wangu. Kila sura naisoma mara mbili. Mara ya kwanza nataka kujua kimetokea nini. Mara ya pili najiuliza, ningekuwa mimi ningefanyaje? Marehemu mume wangu alikuwa akinitania: "Mama Yohana, hicho kitabu unakipigia palizi ya pili."

Mume wangu aliugua kifua mvua zilipoanza, akatutoka. Msibani alikuja jirani yetu mpya, Mama Spesioza. Ni mjane aliyenizidi umri. Wazazi wake walitoka Burundi, na yeye amehamia hapa kwa mwanawe kulima mpunga. Alinishika mkono akasema neno moja. Tangu hapo, kila asubuhi akipita na jembe nyuma ya uzio wangu wa mabua, alilirudia: "Hangaika, mama. Hangaika."

Hivyo ndivyo nilivyosikia.

Ndugu zangu, jiwekeni mahali pangu. Umezika juzi tu, halafu mtu anakuamuru uhangaike. Na kweli nikahangaika. Cherehani ikakatika mkanda. Yohana wangu akashikwa na malaria. Kwaya iliyonipa kazi ya sare ikaenda kwa fundi mwingine. Kila lililonipata nililifunga kwenye neno lile. Niliacha kumwitikia yule mama salamu. Kanisani nilikwenda, lakini maombi hayakutoka, kwa sababu mtu hawezi kumsikiliza Mungu huku ametega sikio kwenye uzio.

Dada yangu Rehema alikuja kutoka Kibaoni kunitazama. Nilimweleza yote. Akasema, "Mdogo wangu, huyo mama anakumaliza. Kuna mzee mmoja anafungua watu. Ijumaa twende."

"Dada, mimi nimeokoka."

"Umeokoka, sawa. Na yeye anajua kama umeokoka?"

Nilicheka, lakini nilikubali. Fedha ya rambirambi ya mume wangu ilikuwa bado imefungwa kwenye pindo la khanga. Tulikubaliana iende yote kwa mganga. Ndugu zangu, mnaona nilikuwa nimefika wapi. Watu waliotoa fedha ile walitoa kwa upendo, nami nilikuwa naipeleka ikamfunge jirani.

Sasa nirudi kwenye ile Jumanne. Nilikuwa kibarazani na riwaya niliyopewa na mwalimu mmoja niliyempunguzia suruali. Haikuwa na jalada, hata jina lake silijui. Ndani yake kuna mwanaume mwenye ghala la mahindi. Kila jioni anamwona jirani yake akipita nyuma ya ghala na kuinama. Anaamini anaibiwa. Hamuulizi. Anawakusanya vijana wa kijiji ili wamfukuze yule jirani pamoja na watoto wake. Lakini sisi wasomaji tumeshaonyeshwa anachofanya jirani kule nyuma: anaziba matundu ya panya.

Mimi ni fundi, na kazi iliyoshonwa bila uzi kuonekana naitambua. Yule mwandishi hakutuhubiria hata kidogo. Alitusimamisha mahali tunapoona pande zote mbili za ukuta, akatuacha tuumie wenyewe. Na mimi niliumia, mpaka nikapaza sauti:

"Wewe mwanaume, muulize basi! Si umuulize tu!"

Upande wa pili wa uzio sauti ikajibu, "Nimuulize nani, mama?"

Alikuwa Mama Spesioza anarudi kutoka shambani.

Nilikuwa kwenye usomaji wa mara ya pili, ule wa kujiuliza ningefanyaje, na jibu lilikuwa wazi: nilikuwa nafanya kama yule mwenye ghala. Nikamwambia, "Zunguka huku, mama." Akaja, jembe bado begani.

"Mama Spesioza, kwa nini kila siku unaniambia nihangaike?"

"Mimi? Nikuambie uhangaike? Wewe uliyehangaika namna hii?" Akashusha jembe. "Nasema *ihangane*. I-ha-nga-ne. Kwetu ndiyo pole. Ndiyo kusema jikaze, vumilia. Mume wangu alipokufa, watu waliniambia hivyo mpaka nikaweza kusimama."

"Na ndiyo uliyokuwa unaniambia kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Nawe hujibu. Nikasema, huyu bado ana uchungu mwingi, ngoja niongeze sauti."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipoanza hayakukatika upesi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulia vizuri tangu msiba. Nikamweleza na mpango wa Ijumaa.

"Yaani mlitaka kunifunga kwa sababu ya pole?"

Kisha akapiga magoti pale pale kibarazani, akaniombea kwa Kirundi. Sikuelewa ila neno moja, na safari hii nililisikia sawasawa.

Ndugu zangu, wapo wanaoniambia kwamba riwaya ni uongo na mtu aliyeokoka asipoteze muda nazo. Nawaheshimu. Lakini Bwana wetu alifundisha kwa visa, na sijasoma popote kwamba kuna aliyemuuliza Bwana yule mpanzi wa kwenye kisa aliitwa nani, au shamba lake lilikuwa kijiji gani. Namshukuru Mungu kwa mwandishi nisiyemjua, ambaye hajui kwamba Mwamkulu ipo. Namshukuru zaidi kwa mama aliyenibariki kila asubuhi nami simwitikii.

Nawe unayesoma, kama kuna neno la mtu linalokukosesha usingizi, mtumaini Bwana, kisha nenda ukaulize. Anayekungoja upande wa pili wa uzio huenda anakuombea.

Ijumaa Rehema alifika amevaa nguo za safari. Alinikuta na Mama Spesioza tunapepeta mchele. Tulipomaliza kumweleza alikaa chini, akasema, "Nyie na vitabu vyenu," akavuta ungo akapepeta nasi. Baadaye nikafungua pindo la khanga mbele yao wote wawili. Rambirambi ya mume wangu, iliyokuwa iende kwa mganga, ilikuwepo yote: shilingi laki moja na elfu themanini.