Mzee Yunusu Khamisi Anaondoka na Jina Lake

Mzee Yunusu Khamisi anastaafu tarehe 29 Juni 1957, baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Udongo miaka ishirini na saba. Jumamosi hiyo atakabidhi ufunguo wa kabati la joto, tutakunywa chai, tutapiga picha, kisha atateremka kwenda kwake mtaa wa Mawenzi, Moshi mjini. Kamati imeniomba mimi, Filemon wa chumba cha hadubini, niandike wasifu wake kwa sababu nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote waliobaki. Kamati haikujua inamwomba nani.

Mzee Yunusu ni mtu wa Moshi mjini, mtoto wa fundi seremala aliyekuja na reli. Mwaka 1930 aliletwa kituoni kutengeneza rafu, na rafu zile bado zimesimama. Daktari Wickham, mkuu wetu wa wakati ule, aliona jinsi anavyopima mbao, akamwingiza ndani. Akamfundisha kupika uji mgumu wa kuoteshea vijidudu, kuziba vichupa kwa pamba, na kuitunza taa ya mafuta iliyokaa chini ya kabati la joto. Uji wake haukuwahi kutoka na mabonge. Mkewe, Mama Mwantumu, hucheka akisikia hivyo, maana anasema nyumbani mumewe hajui hata kuchemsha chai.

Udongo wenyewe tuliufuata mlimani, kwenye vihamba vya watu, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Siku ya kwanza Yunusu alipoingia kihambani kwa Mama Ndelilio kule Uru, na viatu vyake vya mjini, alichota udongo chini ya migomba kidogo kidogo kwa kijiko. Mama Ndelilio alisimama pembeni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

“Wewe baba, mbona unachota kama unaiba mayai? Chukua! Samadi ipo tele.”

Ni katika udongo ule wa Mama Ndelilio, mwaka 1938, Daktari alipopata bakteria asiyemjua. Aliota kwenye uji kwa madoa ya manjano, manjano ya ndizi iliyoiva. Kwenye hadubini alikuwa kama vijiti vifupi. Vitabu vyote vilifunguliwa. Waliofanana naye walikuwapo, lakini wote wale ukiwapa sukari wanatoa gesi. Huyu wetu alikula sukari na hakutoa gesi hata kidogo. Hapo ndipo penye jambo lote. Kama kweli hatoi gesi, ni kiumbe kipya na atapewa jina. Kama anatoa, basi ni yule yule wa zamani na tumejisumbua bure.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Unaweka maji ya sukari kwenye kichupa, na ndani yake unatumbukiza kichupa kidogo zaidi kilichopinduliwa, kimejaa maji yale yale. Unamtia bakteria, unaweka kwenye joto. Gesi ikitoka, utaona povu limejikusanya juu ya kile kidogo. Isipotoka, maji yanabaki yamejaa. Daktari alikuwa ameshawaandikia wenzake Uingereza kwamba maji yanabaki yamejaa. Walimjibu hawaamini. Wakamtaka arudie jaribio, kisha awapelekee bakteria aliye hai kwa posta ya ndege kabla hawajafunga toleo la gazeti lao la sayansi. Vichupa vya kurudia viliingia kwenye kabati mwezi wa Julai. Ufunguo alikuwa nao Yunusu peke yake.

Peke yake, isipokuwa Ijumaa. Ijumaa saa sita alikuwa anateremka msikitini, na akaona heri aniachie mimi ule ufunguo ili taa isizimike, ingawa ilikuwa marufuku.

Julai ile nilikuwa naposa. Huyo niliyemposa ni Priska, mke wangu hadi leo, na watu wake walikuwa wanangoja mbege, pombe yetu ya ndizi, Jumapili. Mnajua baridi ya Julai huku juu. Mbege yangu ilikataa kabisa kuchachuka. Ndizi zimepikwa, kimea cha ulezi kimetiwa, lakini kibuyu kimelala kama maji ya mtoni. Ukipeleka mbege ya namna ile kwa wakwe, umejitukana mwenyewe. Basi Ijumaa ile nilifungua kabati, nikakiweka kibuyu changu ndani, kando ya vichupa vya Daktari.

Kilipata joto. Nilikuta povu limesukuma kizibo cha majani ya mgomba na kurukia vichupa, na pamba zimelowa. Nikakitoa kibuyu, nikapangusa kwa shati langu. Zile pamba nikazichomoa, nikazigeuza upande mkavu, nikazirudisha. Nani aliyesoma hata darasa moja la kazi yetu anafanya hivyo? Mimi nilifanya. Yunusu aliporudi nilimpa ufunguo na kumwambia mambo shwari.

Jumapili wakwe waliisifu sana mbege.

Jumatatu vichupa vyote vilikuwa na gesi. Daktari aliinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha, akainua kingine. Alitia tone kwenye hadubini, akatazama, kisha akatuita. Katikati ya vijiti vyetu vifupi kulikuwa na mipira mikubwa. Ilikuwa chachu ya pombe. Akanusa ndani ya kabati.

“Nani ameleta pombe humu?”

Nilimtazama Yunusu, na Yunusu akanitazama mimi, kisha akatazama mbele.

“Ufunguo ni wangu, Daktari,” alisema.

“Sikuulizi ufunguo.”

“Ndiyo. Lakini ufunguo ni wangu.”

Akatolewa kwenye kabati siku ile ile, akapelekwa kuosha chupa. Lakini kwanza kulikuwa na shida kubwa zaidi. Ilibaki mbegu moja tu ya bakteria, kichupa kilichozibwa kwa nta, na hakuna aliyejua kama yumo hai. Kabati lenyewe lilikuwa limefunguliwa mbao zote, linachemshiwa maji na kuanikwa. Posta ilikuwa karibu. Daktari alishika kichwa. Yunusu, na mikono yake ina sabuni ya chupa, alisema mwili wa mtu nao una joto. Daktari akapandikiza ile mbegu kwenye vichupa vipya vya sukari, akampa. Yunusu akavifunga kwa kitambaa kifuani chini ya sweta, vikiwa wima, akawa anatembea navyo kama mwanamke aliyejifungua jana. Hakuinama. Hakucheka. Mtu akimsalimia anajibu kwa kichwa. Kila asubuhi alifungua sweta mbele ya dirisha, na sisi tunasogea, na maji bado ni meupe. Mimi nilikuwa naomba Mungu, na sikujua naomba nini: aote, au asiote mambo yaishe.

Akaota. Maji yalichafuka kama inavyotakiwa, na vile vichupa vidogo vilibaki vimejaa, bila povu hata tone. Posta ikaondoka. Bakteria wetu akaandikwa kwenye gazeti lao kuwa aina mpya, na jina lake likachukuliwa kutoka mlima huu. Mwisho wa maandishi, pale Daktari alipokusudia kumshukuru Yunusu, alifuta. Aliweka jina langu. Nimelisoma mara nyingi.

Naye akapewa jina lingine. Mtu asiyejua hata ladha ya pombe akaitwa Yunusu Mbege. Hapa kituoni, sokoni, hadi msikitini. “Yunusu Mbege, leo umepika?” Nyinyi mnaolitumia mpaka leo mnacheka tu, mnadhani ni utani wa zamani. Daktari alimrudishia kabati baada ya miaka miwili, maana taa haikumkubali mtu mwingine, lakini jina halikurudi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake na jani la isale, tunalopeleka sisi Wachagga tukiomba msamaha, na mwenye kupelekewa hakatai. Nikamwamkia, nikasema yote. Aliligeuza lile jani mkononi.

“Mimi si Mchagga, Filemon. Hili kwangu ni mboga gani?”

Mama Mwantumu hakucheka.

“Nilijua Ijumaa ile ile,” aliendelea. “Ulinuka ndizi toka mlangoni. Ningesema nilikupa ufunguo, tungefukuzwa wawili, nawe ulikuwa unaoa. Nilingoja useme mwenyewe.” Akanirudishia jani. “Hukunivunjia jina nyumbani kwangu. Kaseme kule waliposikia.”

Ndiyo maana nimesema hapa, kwenye karatasi ambayo kila mmoja wenu ataishika Jumamosi. Kibuyu kilikuwa changu. Mkuu wa sasa nimeshamweleza, na lolote atakaloamua ni haki. Jani la isale nitalifunga juu ya mlango wa ukumbi. Mzee Yunusu akilipita bila kulitazama, nitaelewa.

Mzee Yunusu, kituo kinakushukuru kwa rafu, kwa uji, kwa taa na kwa joto la kifua chako. Mungu akupe uzee wa raha, wewe na Mama Mwantumu. Shuka mjini na jina alilokupa baba yako. Lile lingine liacheni hapa kituoni; mwenyewe nipo, na mkiniita nitaitika.