Mbeleko Inayokwenda Puno

Hivi wewe, mlima uliowahi kuupanda kwa miguu yako, siyo wa kusimulia, una urefu gani? Usijibu. Kwenye benchi letu, pembeni ya mlango wa stesheni ya treni ya Norsborg, huku kwa Waswidi, swali hilo lina mwenyewe, na tunamwita Kilele. Jina lake la pasipoti ni Augustino, mtu wa Moshi, fundi wa lifti aliyestaafu. Ni mwaka wa kumi na nne sasa, kila Jumamosi, anakunywa kahawa ya chupa yangu huku akitusimulia alivyofika juu ya Kilimanjaro. Na picha anayo: amesimama kando ya kibao ambacho maandishi yake hayasomeki vizuri. Kulia kwake hukaa Daktari, yaani Zacharie wa Bukavu, dereva wa basi aliyesoma uuguzi muhula mmoja na mpaka leo hajapona. Katikati yao Jumamosi hii alikaa Concessa, Mrundi, msafishaji wa maofisi kule Kista, kapakata mfuko wenye mbeleko mpya. Binti yake Natacha amejifungua Puno, nchini Peru, mji ulio mita elfu tatu na mia nane juu. Kwao Concessa, mbeleko ya kwanza hufungwa na bibi mzaa mama, kwa mikono yake. Haitumwi kwa posta. Tiketi anayo, na mwisho wa kuibadili au kuifuta ni leo saa kumi na mbili jioni.

— Naifuta, alisema Concessa. Jana nimepanda ngazi za lile jengo mpaka ghorofa ya kumi na mbili, mashine ya kufyonza vumbi mgongoni, kama ulivyoniagiza, kaka Kilele. Nikakaa chini mbele ya choo cha mabosi, nikalia.

— Ulipumzika njiani?

— Ghorofa ya saba.

— Ndiyo kosa! Kilele akajipiga goti. Mlima haupumzikiwi. Mimi nilipanda moja kwa moja. Ndiyo maana nikakuchagulia ndege inayotua huko huko juu, siku hiyo hiyo. Mwili unashtukizwa, haupati nafasi ya kulalamika.

— Hayo yasemwa na mtu aliyeishi kwa lifti, nikasema.

— Dada Dorothy, mimina kahawa.

— Minakataa! alisema Daktari. Écoute, sikiliza, mama Conce. Shida ni hewa, ya kule ni nyembamba. Basi hapa nyumbani uvute pumzi moja, uache mbili. Vuta moja, acha mbili. Unauzoesha mwili njaa.

— Mimi ni mtu wa Mugamba, alisema Concessa. Nimezaliwa kilimani, ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda.

— Umetoka lini?

— Miaka ishirini na saba sasa.

— Milima imeshakusahau, alisema Kilele.

— Damu haisahau! Daktari alisimama kabisa. Imelala tu, na inaamshwa na viazi. Watu wa kule wanakula nini? Viazi! Kilo mbili kwa siku, na maganda yake.

— Nikila kilo mbili za viazi, ndege haitaruka.

— Basi abebe hewa! alisema Daktari. Ile mifuko ya kugandishia nyama, aijaze hewa ya hapa, aifunge vizuri. Kichwa kikiuma anafungua mmoja, anavuta.

— Hewa ya mlango wa stesheni, nikasema. Atavuta sigara za nusu ya watu wa Botkyrka yetu hii.

Nina shahada mbili, na hakuna hata moja iliyonifundisha jinsi ya kunyamazisha wanaume wawili wenye uhakika.

Concessa hakucheka. Aliitoa mbeleko, nyekundu, pindo ameshona mwenyewe, akailainisha kwa kiganja.

— Wakwe zake binti yangu nao wanabeba watoto mgongoni. Natacha kanitumia picha. Nguo zao nzuri, zina rangi zote. Mtoto akishazoea ya kwao, hii itakuwa kitambaa cha meza.

Hapo hata Daktari alikaa.

Ndipo Alma akatokea stesheni. Ni mtoto wa mdogo wake Concessa, mzaliwa wa hapa, yuko mwaka wa pili wa uuguzi. Alisikiliza mpango wote, akaanza kufoka kwa Kiswidi, akatazamwa, akarudi kwenye Kiswahili.

— Mama mkubwa, utue juu siku hiyo hiyo? Nani kapanga?

Tukamtazama Kilele.

— Kuna mji wa katikati, Arequipa, alisema Alma. Mita elfu mbili na mia tatu. Lala pale siku tatu, halafu upande na basi. Na kwanza uonane na daktari. Wa kweli. Samahani, mjomba Zacharie.

— Hakuna shida, alisema Daktari, kwa sauti yenye shida.

— Na nikiumwa hata hivyo? aliuliza Concessa. Simu ilikuwa mkononi, ukurasa wa tiketi wazi, kidole juu ya neno la kufuta.

Alma akamgeukia Kilele, kwa heshima tupu, maana amekua akiiona ile picha.

— Babu Augustino, wewe ulifika. Ulipopita mita elfu tatu na mia nane, ulijisikiaje?

Miaka yote hiyo hatukuwahi kumuuliza hilo. Tuliuliza barafu, tukauliza chui. Kilele akaangalia kikombe chake, kitupu, akaninyooshea. Nikainamisha chupa. Halikutoka hata tone.

— Nilitapika, alisema. Kichwa kama mtu anakaza nati kwa ndani. Mwongoza njia ananiita jina langu, mimi nashangaa anamwita nani.

— Halafu ukakaza, ukapanda, alisema Daktari, kama anayemsaidia.

Kilele alikuwa anaangalia kidole cha Concessa.

— Usifute, dada. Badili, upite huko anakosema binti.

— Nimeuliza nikiumwa, kaka.

— Sikupanda zaidi, alisema Kilele. Niliishia kibanda cha pili, Horombo, mita elfu tatu na mia saba. Picha niliipiga getini, siku ya kurudi. Walinishusha asubuhi nimeshikwa makwapa, na tulipofika kibanda cha kwanza nilikuwa nakula ndizi, mzima, nacheka na wapagazi. Unashuka tu, Conce. Ukishuka, kichwa kinaacha. Kuhusu milima, hilo tu ndilo ninalolijua, na ndilo nililowaficha.