Fanueli Kalinga, Fundi Aliyeupima Mto Novemba

Jumamosi, tarehe 30 Juni 1979, Ndugu Fanueli Kalinga, fundi mitambo wa hospitali yetu ya misheni hapa Ilyasa, Mkoa wa Iringa, anastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na miezi minne.

Alianza kwa kupasua kuni za jiko la wagonjwa. Injini ya dizeli ilipoletwa mwaka 1955, aliyekuja kuifunga alikaa siku nne tu, na Kalinga ndiye aliyemshikia spana. Tangu hapo taa za chumba cha upasuaji zikawa mikononi mwake. Injini ikikohoa Jumapili, alitoka kanisani katikati ya mahubiri, na mchungaji alishazoea.

Dizeli ilitoka Mbeya kwa mapipa. Mwaka 1974 mafuta yalipopanda bei na lori likawa haba, bodi iliamua tuhamie umeme wa maji. Tulishangilia kweli kweli. Mtaalamu alikuja Aprili, akaupima Mto Lyasa, akasema unatosha turbini moja kubwa, na injini iuzwe. Kikaoni, Kalinga peke yake alinyoosha mkono kupinga. Yeye ndiye aliyechota huko maji ya kupozea injini, na alijua kwamba Novemba ndoo hukwaruza mchanga. Turbini kubwa ikikosa maji itasimama, alisema, na siku hiyo kutakuwa na mgonjwa mezani.

Tulimcheka. Tulisema anatetea kibarua chake. Mimi, katibu wa kikao, nilikuwa wa kwanza kusema hivyo, na mdomo wangu haukuwa na breki.

Hakugombana na mtu. Aliazima saa ya Sista Evarista, muuguzi mkuu, ile ya kuhesabia mapigo ya moyo. Kila Jumatatu alitupa gunzi la hindi mtoni, akahesabu linachukua muda gani kwenda hatua ishirini, akapima kina kwa fimbo na kuandika kwenye daftari. Tukamwita Bwana Magunzi, naye akaitika. Novemba ilipofika aliwateremsha wazee wa bodi mtoni. Gunzi lilijivuta hata mwenyekiti, Mzee Liberatus, akatafuta jiwe la kukalia. Kikao kilichofuata kilikuwa kifupi: turbini mbili ndogo, bwawa dogo juu ya mfereji, na injini ibaki.

Umeme wa maji uliwaka Agosti 1976, na aliyeizima injini kwa mkono wake ni huyo huyo tuliyesema anaitetea. Hata hivyo, kila Ijumaa aliiwasha kwa robo saa. Wake zetu walimsema sana kwa moshi uliokuwa ukiingia kwenye nguo walizoanika.

Mwaka jana mvua zilichelewa. Turbini moja ilikuwa imeshasimama tangu mwanzo wa Novemba. Jumanne moja, saa nne asubuhi, mke wangu Apolonia alikuwa akipasuliwa, mtoto amelala vibaya tumboni, na ile turbini ya pili nayo ikaanza kulegea. Nikiwa mlangoni niliona taa zikififia. Sijawahi kuogopa namna ile. Kabla sijajua nimwite nani, nikasikia injini imeshika. Kalinga alikuwa ameupima mto alfajiri, akaja kukaa karibu na mtambo wake bila kuitwa. Taa zikarudi, daktari akamaliza kazi. Apolonia ni mzima, na binti yetu Esta sasa anatambaa nyumba nzima.

Kazi ya mtambo na ya mto ameikabidhi kwa fundi Asukile, naye Jumatatu hakosi mtoni.

Mzee Kalinga, sikukuomba radhi wakati ule, wala hukuidai. Nakuomba leo mbele ya watumishi wote. Tunakushukuru kwa ubishi wako na kwa uvumilivu wako kwetu. Nenda salama Ifunda kwa Mama, mkalime vinyungu vyenu, bustani zenu za bondeni, na Mungu awape miaka mingi yenye afya na raha. Esta akianza kutembea, nitamleta akuamkie mwenyewe.