Saruni ya Daw Khin Nyo Wai

Ndugu waombolezaji, na ninyi vijana wa serikali mliosimama mlangoni tangu asubuhi, karibuni, msikilize vizuri ili mkienda kueleza msikosee.

Marehemu Daw Khin Nyo Wai, shangazi yangu, alizaliwa hapa mjini Monywa, Myanmar, tarehe 14 Machi 1961, akasoma hadi darasa la nane, kisha akaingia kwenye ushonaji, kazi aliyoifanya hadi macho yalipomgomea. Mwaka 1984 alifunga ndoa na marehemu U Sein Hlaing, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Kyaw Zeya, aliyejiunga na jeshi mwaka 2014, mama akalia wiki nzima, maana alimtaka awe mwalimu.

Wanajeshi walipopindua serikali Februari 2021, sisi wanawake wa mtaa huu tulitundika saruni zetu juu ya njia, kwa kuwa mwanamume wa kwetu akipita chini ya nguo ya kiunoni ya mwanamke huamini bahati na kinga yake vimemtoka, na kweli askari waliokuwa wakiwafukuza vijana wetu walisimama kutafuta ngazi ya kuzishushia, vijana wakapata mwanya wa kutoroka. Saruni ya kwanza kupanda ilikuwa ya marehemu, ile ya zambarau. Kyaw Zeya akapiga simu kutoka kambini, akimsihi aishushe, wakubwa wameshajua ni ya nani na yeye ndiye atakayeadhibiwa. Mwana ni huyo huyo mmoja, lakini alimjibu, "Mwanangu, pita chini yake uje nyumbani."

Tarehe 2 Mei Kyaw Zeya alitoroka kambini, akaja bila bunduki, akapita chini yake, akala wali wa mama yake, akaondoka kabla ya jioni. Kesho yake askari wakamchukua mama badala ya mwana. Huko gerezani figo zilianza kumsumbua, akaambiwa atapata dawa siku atakayosema mwanawe yuko wapi, naye akawaambia dawa wabaki nayo. Walipoona hana siku nyingi walimwachia, akafariki tarehe 9 Novemba 2022, saa kumi alasiri, mikononi mwetu, na uchungu wake hatujui tuuweke wapi.

Tunawashukuru madaktari waliokuja kumtibu kwa siri, ambao leo hatutawataja, majirani waliompikia uji, na mafundi wenzake waliomshonea nguo aliyovaa sasa.

Pumzika, Shangazi. Hawajampata.