Neno Lililoanza na "Wame"

Nje ya duka la kinyozi, pale kwenye kona ya barabara ya lami na ile ya vumbi, kuna benchi ambalo jioni halikosi watu. Kinyozi mwenyewe hukaa upande wa mlango, awahi mteja akitokea. Spana, fundi baiskeli, hukaa mkabala nalo juu ya ndoo aliyoifudikiza. Katikati hukaa Hakimu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa aliwahi kufika mahakamani mara moja, tena kama shahidi, na tangu hapo hakuna sheria asiyoijua. Bibi Birika huwamiminia kahawa na kuwachamba wote sawasawa. Jioni hiyo kahawa ilikuwa inapoa vikombeni na macho yote yako barabarani, maana Taratibu alikuwa hajafika.

Taratibu ni karani wa ofisi ya vifurushi. Jina walimpa wao pale benchini, kwa sababu ana kigugumizi tangu utotoni. Maneno anayo, tena mengi, ila hutoka kwa wakati wake. Miaka na miaka alikaa dirishani akipokea mizigo ya watu, na watu wakamzoea, wakamngoja amalize, wakaenda zao. Kisha akaja msimamizi mpya, mama mmoja nadhifu wa sauti ya upole, akamwondoa dirishani na kumpeleka stoo ya nyuma akapange maboksi. Alimwambia ni kwa faida yake mwenyewe, asije akaaibika mbele za wateja. Taratibu akala vumbi la stoo na kunyamaza. Mpaka jana, alipowaambia wenzake wa benchini kwamba asubuhi kuna kikao cha wafanyakazi wote, na kwamba atasimama aseme. Spana alimsihi asijitafutie balaa. Hakimu alimtaka aandike, karatasi haina kigugumizi.

Sasa huyo anakuja, karibu anakimbia, shati limemtoka kwenye suruali na jasho linamchuruzika. Njia nzima alikuwa amelipanga neno la kwanza. Akajitupa kwenye benchi, akavuta pumzi.

— Wame...

— Wamekufukuza, akasema Kinyozi. Nilijua tu. Jasho la namna hiyo ni la mtu aliyefukuzwa.

Taratibu akatikisa kichwa kwa nguvu.

— Mwone anavyotikisa kichwa, hata yeye haamini, akasema Spana. Pole, ndugu yangu. Wamekukata na mshahara?

Taratibu akainua mkono kuwazuia. Alitaka kuwaambia jinsi ukumbi ulivyokuwa kimya aliposimama. Mama msimamizi alimsogezea kalamu huku akitabasamu, akamwambia aandike tu, wengine wana kazi za kufanya. Yeye akairudisha ile kalamu mezani. Akasema, kwa kituo na kwa shida, kwamba haandiki, atasema, na wenye haraka wamvumilie.

— Wame... wame...

— Wamemweka ndugu yake, akadakia Spana. Yule mama ana mtoto wa dada yake anatafuta kazi. Dirisha lilikuwa linatafutiwa mwenyewe siku nyingi.

— Ndugu gani, we naye, akasema Hakimu. Hili jambo lina mizizi. Ofisi ya vifurushi inapitisha mizigo ya kila aina. Nani anajua mle ndani mna nini? Huyu alikuwa anaona kila kifurushi. Ameona kitu.

— Kitu gani?

— Dhahabu. Wamemwondoa kwa sababu ya ulimi wake, lakini si kwa aibu. Wanajua kesi ikifika mahakamani, shahidi wa kigugumizi atahojiwa mpaka hakimu aahirishe, na ikiahirishwa, dhahabu imeshavuka mpaka.

Bibi Birika akammiminia Taratibu kikombe, akasema wanaume hawa wote vipofu, hiyo ni habari ya mapenzi. Mama wa watu amempenda karani wake, na kwa kuwa hawezi kumtazama kutwa bila kuharibikiwa na kazi, kamficha stoo. Spana akacheka mpaka ndoo ikamsogea chini yake.

Taratibu naye akacheka, maana hakuwa na la kufanya, na ndani kicheko kilikuwa kinamwuma. Kule ukumbini hakuna aliyemkatiza. Alimwuliza mama msimamizi swali moja: mteja gani alilalamika? Swali lilichukua muda mrefu kutoka, na lilipotoka lilibaki palepale mezani. Meneja wa ofisi akageuka na kumtazama msimamizi, akalirudia. Mteja gani? Yule mama akasema si kwamba wamelalamika, ila wanaweza kulalamika. Hapo dada wa usafi, mwenye mguu mmoja mfupi, akaegemeza fagio ukutani. Akasema yeye aliomba kazi ya dirishani akiwa na cheti chake mkononi, akajibiwa kwamba pale panataka mtu wa kupendeza. Alisema hayo bila kupandisha sauti. Taratibu alijiona ana watu, jambo ambalo hakulitazamia alipoamka asubuhi.

Benchi lilikuwa limeshachemka. Hakimu alikuwa ameshaipanga kesi, mashahidi na mawakili. Spana alitaka waende kesho wote, naye atabeba nyundo, si ya kumpiga mtu, ya kuonekana tu. Kinyozi aliapa kwamba mume wa yule mama akija kunyoa, atamnyoa nusu na kumwambia nusu nyingine akamalizie stoo.

— Wame... akaanza Taratibu.

— Wamekuonea, akasema Kinyozi.

— Wamekudharau, akasema Bibi Birika.

— Wamejiponza, akasema Hakimu, na kuinua kidole.

Mtu mmoja alikuwa amesimama pembeni muda wote huo, mgeni, ameleta baiskeli yenye pancha na Spana amemwambia angoje kidogo. Kidogo ilikuwa imekuwa ndefu. Akasogea, mkono kwenye usukani.

— Samahanini, wakubwa. Mimi mpita njia tu. Huyu bwana ana neno analianza tangu nilipofika. Linaishia wapi?

Kinyozi akafungua mdomo, akaufunga. Spana akamtazama Hakimu, Hakimu akatazama kikombe chake kama majibu yamezama humo. Bibi Birika akabaki na birika hewani. Hakuna hata mmoja aliyejua.

Taratibu aliuona ule ukimya, akautambua. Ulikuwa ni uleule wa ukumbini. Akaweka kikombe chini. Neno likakwama, likarudi, likakwama tena, na safari hii hakuna aliyelifuata kulivuta.

— Wame... wamenirudisha dirishani. Kesho asubuhi naanza. Na dada wa usafi ameitwa kufanyiwa usaili.

Spana akaruka juu, ndoo ikaviringika mpaka barabarani. Hakimu akashika kichwa. Kinyozi akamshika Taratibu mabegani na kumtikisa, na maswali yakaanza kumtoka kama maji ya bomba lililopasuka: meneja amesemaje, yule mama kakaa wapi, kanuna, kalia, kaomba radhi?

Taratibu akainua mkono. Uso wake uling'aa, na midomo yake ilikuwa imeshaanza kuhangaika na neno linalofuata.

Bibi Birika akamvuta Kinyozi kwa shati mpaka akakaa.

— Nyamaza wewe. Hajamaliza.