Kabla Malori Hayajapita Juu ya Lami ya Kiporo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mhandisi Mkuu, mkandarasi wetu, mafundi wenye mikono myeusi kwa kazi, majirani zangu, na wewe dereva wa lori la mbele unayenguruma kana kwamba nakuchelewesha: salamu zangu zipokeeni.

Mimi ndiye mama wa mhandisi wa barabara hii. Darasani sikufika mbali, lakini mhandisi nimemzaa mimi. Sasa nani msomi?

Nimeambiwa niseme kidogo, kisha malori matatu ya kokoto yapite. Mhandisi Mkuu ametamka mbele yenu kwamba yakiacha mifereji ya magurudumu, utepe haukatwi, lami yote inakwanguliwa, na kazi hii anapewa mwingine. Nitasemaje kwa utulivu? Mtazameni mwanangu mwenyewe pale! Tangu asubuhi hajakaa. Anainama, anagusa lami, anatazama jua, anainama tena. Mwanangu, hebu keti, unanitia kizunguzungu.

Jina mliloipa kazi ya mafundi hawa nalijua. Lami ya kiporo! Eti kwa kuwa ile kuukuu yenye mashimo ilikwanguliwa, ikasagwa, ikachanganywa na mpya, ikapikwa, ikatandazwa tena. Jirani yangu muuza mkaa, yule anayejificha nyuma ya mwavuli, alinifuata hadi dirishani: "Shoga, mwanao kasoma kote huko aje kutupashia makombo?" Nikamjibu, "Kwani kiporo chako wewe humwagwa?" Tukacheka, ila moyo uliniwaka.

Na ukweli tuuseme. Kipande cha kwanza kiliharibika. Lami kuukuu iliwekwa kwenye moto wenyewe ikaungua, ikawa inamumunyuka kama mkate mkavu. Nani aliamuru ing'olewe kabla hajaulizwa na mtu? Binti yangu! Alirudi nyumbani ananuka moshi, nikamwambia kiporo hakibandikwi kikavu. Akasema, "Mama, tumeshaligundua hilo. Sasa tunachoma kokoto mpya, nayo ndiyo inaipasha lami ya zamani." Basi nimejitangaza mtaa mzima kwamba nimemfundisha mimi. Mama asipomsifu mwanawe, amwachie nani?

Lakini niwaulize, ninyi mnaocheka: mlima wetu wa kokoto si umebaki nusu? Kila baruti ikilia, kuta za nani hupasuka, zangu peke yangu? Na mawe mazuri yaliyokwisha kuchimbwa tuyatupe bondeni, tukachimbe mengine?

Haya, namwona Mgeni Rasmi anatazama saa. Nami nasema, lije lijalo. Lami ikishika, muuza mkaa atapita hapa kila siku na kinywa chake kimefungwa. Ikibonyea, mwanangu, tutaikwangua, tutaisaga, utaipika tena, maana uzuri wa lami hii ni kwamba hata ikishindwa haitupwi. Nawe vivyo hivyo.

Kwa masikio yenu mliyoniazima, asanteni sana. Dereva, pitisha lori. Na wewe binti yangu, usiitazame lami. Nitazame mimi.