Nankya, Kampasi ya Baharini na Simu ya Madamu

Bi Nasriya alipanda basi dogo la kwenda Amerat, ng'ambo ya mlima, kwa sababu gari lake lilibaki gereji Wadi Kabir. Hatujafika hata kwenye mlima, keshajua habari zote za msichana wa Kiuganda aliyekaa naye.

"Nimepata chuo, mama!" Nankya alisema, akimwonyesha simu. Chuo kikuu cha serikali, Namibia. Kampasi zake zimetapakaa nchi nzima, na yeye kachagua ya ufukweni, wanakosomea samaki. Miaka mitatu anapara magamba jikoni kwa watu. Sasa anataka kuwajua samaki wakiwa hai.

"Ya mji mkuu umeiachia nani?"

"Samaki hawako huko, mama."

Nilicheka peke yangu kiti cha nyuma.

Kumbe lipo jingine. Fomu ilitaka mtu wa pili wa kupelekewa majibu. Nankya, aliyezoea kila fomu ya nchi hii ya Waarabu kuuliza kafili, yaani mwajiri wake, akaandika barua pepe ya madamu wake. Barua imewafikia wote wawili leo asubuhi.

"Mwambie weye kabla hajaifungua!"

"Mkataba umebaki mwezi mmoja tu. Acha ninyamaze."

"Nnakwambia, ataumia!"

"Ataumia, ama atanizuia?"

Walipandishiana sauti mpaka sisi wa nyuma tukagawana pande.

Basi likasimama Amerat. Simu ikaita: Madamu Jawaher.

"Pokea," akasema Bi Nasriya.

"Shukeni," akasema dereva.

Hakuna aliyeinuka.